Fundi Ndiye Huoga Kwanza

Nimeoga katika bafu za watu wengi ambao siwajui vizuri. Sisemi hivi kwa kujisifu. Ndani ya sanduku langu la kazi, kati ya koleo na mita, kuna taulo ndogo ya kijani na kipande cha sabuni kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, na hivyo ni vifaa vya kazi kama vile vingine. Mwenye nyumba ya zamani, ukimwonyesha mita na kumwambia kwamba bomba lake lililokuwa likipiga watu stima haliumi tena, ataitazama mita, atakutazama wewe, kisha atasema, "Sawa, fundi. Oga nione." Hasemi kwa ubaya. Mita haina ngozi. Fundi anayo.

Kwa hiyo naoga. Mikinduri niliwahi kuoga huku ukoo mzima umesimama mlangoni ukisikiliza, na nilipotoka mzima wakapiga makofi. Kuna siku nimeoga katika nyumba mbili kabla ya chakula cha mchana, na jioni nikafika kwangu Majengo, mjini Meru, nikiwa mtu safi aliyechoka hadi kwenye mifupa.

Nyumba ninazozungumzia ni zile za mawe zilizojengwa wakati kahawa ilikuwa inalipa, Meru na Embu kote. Aliyejenga alitaka taa mbili tatu, redio, na mahali pa kuchomeka pasi ya Jumapili. Waya wa athi, yaani ule unaoichukua stima iliyopotea njia na kuishusha udongoni kabla haijapitia kwa mtu, ulionekana kama anasa. Soketi zina matundu matatu, lakini lile la tatu ni la urembo. Ukifungua nyuma yake hukuti waya, unakuta buibui, naye amekaa sana. Halafu watoto walisoma, wakaajiriwa, wakawaletea wazazi zawadi: friji na shawa ya kupasha maji kwa stima. Zawadi hizo mbili ndizo zinanilisha, na ndizo zimeniharibu magoti.

Watu hawakuacha kuoga. Walizoea. Ukiingia katika nyumba kama hizo utaona slipa za mpira zimepangwa nje ya bafu, za wenyeji na za wageni, jinsi wengine wanavyoacha viatu nje ya msikiti. Huingii bila kuvaa. Bomba hufungwa kwa kiwiko kilichofunikwa kitambaa kikavu. Mtoto hufundishwa hayo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Mgeni akipiga kelele ndani, wenyeji wanacheka na kuulizana, "Kwani hakuvaa slipa?" Kosa ni la mgeni.

Kiangazi kilichopita nilipigiwa simu na mwanamke mmoja anayefanya kazi Nairobi. Wazazi wake wanakaa chini ya Karurumo, upande wa Embu, unapoanza kuteremka kuelekea kwenye joto.

"Fundi, mama anatoka hospitali kesho. Nitafika naye nyumbani jioni. Nataka ufike hiyo nyumba asubuhi, uitengeneze, mimi nikifika niikute inakaa kama nyumba."

"Ina shida gani?"

"Inauma. Bomba linauma, friji inauma, sinki inauma. Sisi tumezoea, tunavaa slipa. Lakini mama ana sukari, fundi. Wamemkata kidole gumba cha mguu. Kidonda kimefunga, anaruhusiwa kuoga, ila slipa haiwezi kukaa kwenye huo mguu. Ataishikia wapi?"

Nilimwambia wazime stima, wachemshe maji jikoni. Fundi aliyechoka hujaribu kwanza njia ambayo haimtoi kitandani.

"Nani atabeba hiyo sufuria? Baba mgongo umekwisha. Na dawa yake ya sindano inakaa kwenye friji. Nikizima stima, dawa inaharibika. Nikiwasha, mama anapigwa. Niambie wewe."

Nilimwambia nitafika asubuhi. Nilihesabu vifaa nikavitia sandukuni, nikavitoa na kuvihesabu tena, kisha nikalala.

Mzee nilimkuta amesimama langoni. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, kofia kichwani, mkono mmoja kiunoni ukishikilia ule mgongo. Maisha yake yote alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa, na alinipima pale pale.

"Wewe ndiye fundi? Nilifikiria utakuwa mkubwa."

"Stima huingia kwenye tundu dogo, mzee."

"Basi ingia."

Alinionyesha nyumba kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa mbwa wakali. Friji aliifungua kwa mwiko. Aliuingiza kwenye mshikio, akavuta, akanionyesha vichupa vya dawa vilivyopangwa vizuri mlangoni, akaisukuma ikafunga. Kwenye sinki alinionya nisiegemee. Mlangoni pa bafu akavua viatu, akavaa slipa moja ya buluu na moja ya kijani, akanisogezea mimi jozi ya wageni.

"Hii nyumba haikuwa hivi," alisema. "Miaka yote tumeoga hapa kama watu. Ni hii maji mpya ndiyo ilileta stima."

"Maji?"

"Ya mradi. Walituwekea maji ya mradi, na wiki hiyo hiyo bomba likaanza kuuma. Nilienda kwa mkutano nikawaambia, 'Nyinyi watu, maji yenu iko na stima.' Wakanicheka! Mwenyekiti akaniuliza kama naweza kuchaji simu nayo. Hatusalimiani mpaka leo."

Niliweka ncha moja ya mita kwenye bomba na nyingine kwenye sakafu yenye unyevu. Mshale ulipanda. Nikatoa, nikafuta ncha, nikaweka tena. Ulipanda tena pale pale.

"Umeona?" Mzee alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Ni maji."

Nilimwomba anionyeshe maji yanakoingilia. Tulizunguka nyuma ya nyumba, akanionyesha paipu nyeusi ya plastiki inayotoka udongoni.

"Zamani ilikuwa ya chuma?"

"Ya chuma. Mabomba mazito, ya wazungu. Wa mradi walisema wataacha yaoze chini. Mimi nikasema haiwezekani, nikachimba nikatoa yote, kutoka barabarani mpaka ukutani. Wakati huo mgongo ulikuwa bado."

"Na yako wapi?"

Alinionyesha kwa kidevu. Pembeni mwa shamba kulikuwa na banda la mbuzi, nguzo zake za chuma zimesimama wima, nzuri, zimepakwa rangi. Mbuzi mmoja alikuwa anajikuna mgongo kwenye nguzo ya kona.

Nikaketi juu ya jiwe. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini mtu aliyeing'oa athi ya nyumba yake kwa mikono yake na kuifungia mbuzi, huyo alikuwa wa kwanza. Fundi wa zamani hakuwa amezika shaba yoyote. Alikuwa amefunga waya wa athi wa shawa na friji kwenye lile bomba la chuma, kama walivyofanya wengi, na bomba likitambaa chini ya ardhi kutoka barabarani lilifanya kazi hiyo vizuri sana bila mtu kujua. Stima ikivuja, ilishuka nalo ikaishia udongoni. Plastiki haipitishi kitu. Sasa stima ikivuja inazunguka humo ndani, kutoka bombani hadi kwenye sinki hadi kwenye friji, ikitafuta mtu mwenye miguu mitupu wa kumpitia.

Nilimweleza hivyo, polepole, nikionyesha kwa kidole. Alimtazama mbuzi. Alilitazama bomba.

"Kwa hivyo si maji."

"Si maji, mzee."

"Hiyo maneno usipeleke kwa mwenyekiti."

Tulikubaliana hapo. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana siku hiyo, na halikugharimu kitu.

Nilifungua shawa. Koili yake, ule waya uliojikunja unaopasha maji, ilikuwa imechubuka, na hapo ndipo stima ilikuwa inavujia. Mzee alikuwa nyuma ya bega langu.

"Si ubadilishe hiyo koili basi, uende nyumbani?"

Ni swali ninaloulizwa kila mahali, nami huwa natamani kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka kabla sijaanza. Lakini nilifikiria ule mguu usioweza kushika slipa.

"Nitaibadilisha. Leo haitauma. Mwaka ujao itachubuka nyingine, au friji, au waya wa ukutani ambao panya wameuonja. Siku hiyo mimi sitakuwa hapa. Mama atakuwa hapa, ndani ya maji, miguu mitupu."

Akakuna shingo. "Endelea."

"Nataka kuzika fimbo mbili za shaba. Halafu niweke swichi ya kinga kwenye bodi ya stima, ile inayokata stima yenyewe ikihisi inavuja."

"Moja."

"Swichi ni moja."

"Fimbo moja. Mbili ni za nini?"

"Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, mzee."

"Hata mimi nilikuwa nahesabu mara mbili. Kila gunia kwa mizani mara mbili. Na bado mkulima alisema nimemwibia." Alifikiri. "Zika moja kwanza. Ikikataa, tutaongea."

Nilianzia mbele ya nyumba, karibu na bodi, mahali panapofaa. Kule juu Meru udongo ni mwekundu na mnene, ukigonga fimbo inateleza chini kama kisu kwenye ndizi mbivu. Huku chini ardhi ni changarawe, na chini ya changarawe kuna mwamba. Nilipiga nyundo mpaka mikono ikafa ganzi, fimbo ikafika magotini ikakataa. Nikahama. Ikakataa tena. Hata ile sehemu iliyoingia, nilipoipima, mita ilinijibu kama vile nimeichomeka kwenye gunia la unga. Udongo ulikuwa mkavu kabisa. Stima, kama mimi, haipendi kwenda mahali pakavu.

Jua lilikuwa limepita utosini. Mzee aliniletea uji kwenye kikombe cha chuma, nasi tukakaa kivulini tukitazama mashimo yangu ya bure.

"Wanafika saa ngapi?"

"Binti amesema wako Embu mjini, wananunua dawa."

Nikatazama nyuma ya bafu. Pale maji ya kuoga yanapotokea ukutani kulikuwa na migomba, imenona, majani mapana, udongo chini yake mweusi na wenye unyevu. Katika boma lote, hapo tu ndipo palikuwa na kijani.

Mzee alifuata macho yangu. "Hapana."

"Mzee—"

"Hapana, fundi. Hizo ndizi ni za mama. Alizipanda mwenyewe. Mimi mwenyewe sikati hata jani bila kuuliza. Atoke hospitali akute mashimo? Atatupiga sisi wawili na huo mguu mmoja."

"Ndio mahali pekee penye unyevu."

"Chimba kwa mihogo."

"Mihogo imekauka hata yenyewe inaomba maji."

Akainamia sikio langu, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama vile migomba ingesikia: "Na hizo ndizi zitakuwa na stima? Mtu akila?"

"Hazitakuwa. Stima ikivuja itapita tu hapo chini kwa nukta moja, na swichi itaikata. Haina muda wa kupanda mgombani."

"Unajua hiyo, au unafikiria?"

"Najua."

Tukaanza kupatana, na sijawahi kupatana kwa ukali kama huo hata sokoni. Yeye alitaka mtaro upite mbali na shina. Mimi nilitaka upite kwenye unyevu. Alinipa upande wa chini. Nikaomba na ubavu. Aliniruhusu ubavu kwa sharti nisiguse ule mgomba wenye mkungu, wala mtoto wake, wala yule mdogo aliyechipuka wiki ile. Nikakubali, nikauzungusha mtaro kama mtu anayezunguka watoto waliolala sebuleni. Nililaza waya mtupu wa shaba chini, nikasimamisha fimbo zote mbili mahali ambapo mwamba ulikuwa na huruma, nikafunga kila kiungo na kukivuta mara mbili. Makaa yaliyosagwa, ya kusaidia udongo kushika unyevu, tulitoa jikoni. Chumvi mzee alileta mwenyewe, akaipima kwenye kiganja kabla ya kunipa, tabia ya karani.

"Sasa hapa lazima pabaki na unyevu," nilimwambia. "Kiangazi ukiona pamekauka, mwaga maji."

"Si mama ataoga kila siku? Maji yake yanapita hapo hapo."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Kila akioga, maji yake yatainywesha ile shaba inayomlinda akiwa anaoga. Na yatakuwa maji ya mradi. Nilimwambia hilo pia. Mzee akatoa sauti puani, na sikuweza kujua kama alikuwa anacheka.

Nikabadilisha koili, nikafunga swichi, nikafungua soketi zilizobaki moja baada ya nyingine, nikamfukuza buibui na kuupa waya wa athi kazi yake. Magoti yalikuwa yanaongea. Nikapima bomba na sakafu. Mshale haukusogea. Nikafuta ncha, nikapima tena. Nikabonyeza kitufe cha kujaribia swichi, nyumba nzima ikazimika. Nikawasha, nikabonyeza tena, ikazimika tena.

"Tumemaliza, mzee."

Aliitazama mita. Alinitazama.

"Oga nione."

Nilikuwa nalitarajia, lakini nilichoka upya. Nikatoa taulo. Nikavua viatu, nikavua soksi. Alisimama mlangoni akitazama miguu yangu, si uso. Nilikanyaga sakafu iliyoloa, nikashika bomba kwa mkono wote, nikalifungua. Maji ya moto yakateremka mgongoni, na kwa sababu sikuwa nimepata maji ya moto siku nyingi, nilikaa humo kidogo kuliko kazi ilivyodai.

"Fundi! Uko hai?"

"Niko hai, mzee."

"Basi toka, ni maji ya mgonjwa hayo."

Nilipokuwa najifuta akaniuliza kutoka nje, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, "Na kwako kunauma?"

"Kwangu ni nyumba ya kupanga," nilisema.

Gari la kukodi liliingia jua likiwa limeshuka hadi kwenye majani ya migomba. Binti alitoka kwanza. Kisha mama, mwanamke mnene mwenye uso wa kuamuru, mguu mmoja umefungwa kitambaa, mkongojo mkononi. Hakusalimia mtu. Alikuwa ameshaona.

"Nani amechimba migomba yangu?"

"Ni fundi," mzee akasema haraka.

Akaingia ndani, akachungulia bafu. "Na nani ameoga?"

"Ni fundi."

Akanigeukia, akanitazama na nywele zangu mbichi. "Huyu fundi amekuja kazi ama amekuja kukaa?"

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilisema pole ya mguu, mama, naye akaipokea kama mtu anayepokea chenji pungufu.

Alitaka kuoga mara moja. Alisema ananuka hospitali. Binti aliingia naye, mlango ukafungwa. Mzee akaenda akasimama chini ya bodi, mkono juu ya swichi kuu. Nilimwambia hakuna haja, ile swichi mpya itakata kabla yeye hajapepesa jicho. Aliitikia kwa kichwa na hakuuondoa mkono. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Tulisikia maji. Nimeoga katika nyumba nyingi kupima kazi yangu na sikuwahi kuogopa, hapo niliogopa. Mguu ule haukuwa wangu.

"Uuui!"

Nyumba ikazimika. Mzee alikuwa ameivuta swichi kuu hata kabla sauti haijakwisha. Tukasimama gizani, sote wawili.

"Nani amezima?" mama akafoka kutoka ndani. "Nimesema uuui kwa sababu maji ni moto! Maji ya moto mtu haruhusiwi kusema uuui? Washa hiyo kitu, niko na sabuni machoni!"

Mzee akawasha. Kisha akaenda mlangoni pa bafu, akainama polepole kwa ajili ya mgongo, akaanza kuokota slipa moja moja.

Niliondoka taa zikiwa zimewaka. Langoni niliweka sanduku chini nikahesabu vifaa, kama nifanyavyo daima, maana koleo zangu zimebaki katika nyumba nyingi. Kulikuwa na kitu kimezidi. Nikahesabu tena, kikazidi tena. Chini ya taulo iliyoloa kulikuwa na slipa, moja ya buluu na moja ya kijani, zimefutwa matope.

Nilirudi nusu ya njia. Mzee alikuwa bado mlangoni.

"Umesahau slipa kwa sanduku langu, mzee."

"Sijasahau," alisema. "Hapa hazina kazi. Wewe ndiye unakaa nyumba ya kupanga."

Kule Majengo bafu letu ni moja kwa wapangaji wote, na mwenye nyumba aliweka shawa ya stima ili apandishe kodi. Nimemweleza habari ya athi hadi nikachoka. Huniambia mimi ni fundi, nijitengenezee. Jumapili nilipoamka nilichukua taulo, nikasimama mlangoni pa bafu hilo, nikavaa ya buluu na ya kijani. Zilikuwa kubwa kidogo. Nikafunga bomba kwa kiwiko.